Hadithi Niliyoisimulia Bila Paukwa

Temeke,
Dar es Salaam.
Jumatano, baada ya kazi.

Kwako dada yangu mpenzi Theresia,

Shikamoo, dada. Najua utaanza kwa kuukagua mwandiko, kama unavyokagua madaftari ya wanafunzi wako, na utaona mistari imepinda. Basi nisikufiche. Mwili ni mzima, homa sina, ila moyo wangu si mzima hata kidogo. Ninyi huko mnaendeleaje? Uvimbe wa mguu wa mama umepungua? Mvua imeuacha mpunga wa bondeni au imeuzoa? Unijibu yote hayo hata nisipoyauliza tena, maana leo kichwani nina jambo moja tu.

Unazikumbuka hadithi za kesho, zile za mambo ambayo hayajatokea? Ndivyo tulivyoziita mimi na wewe, ili tuzitofautishe na za bibi. Ulinikadiria gunia la korosho za baba lingekuwa na uzito gani mwezini, nami nikakataa kulibeba mpaka tufike huko. Nilichapwa mimi, wewe ukacheka.

Ugonjwa ule haujaniacha. Jumamosi nikitoka kazini hupita kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vikuukuu juu ya turubai, vingi vimeng'oka majalada, naye hunitengea vyenye picha za roketi. Kimoja hakina kurasa za mwisho. Nimekwisha kukitungia miisho mingi, na kila mmoja naona unafaa. Ofisini nikiingia kwenye lifti hufumba macho nikajiambia kwamba mlango ukifunguka nitakanyaga vumbi la sayari nyingine. Hufunguka nikamkuta Ndugu Katibu, mkubwa wangu wa kazi, na faili kwapani. Bombani asubuhi, akina mama wakigombea foleni, mimi huwaza kiumbe aliyezaliwa katika dunia isiyo na maji angetuonaje: watu wanapigania kitu kinachoanguka bure kutoka mbinguni. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba yetu, hunipigia kelele, "Karani! Ndoo imejaa, akili imemwagika!"

Katika nyumba hii aliyenielewa alikuwa mmoja, Selemani, mtoto wa mzee Nangonga, yule fundi milango wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Chumba chake kinapakana na changu. Huchonga vinyago uani na kuviuza kando ya barabara, kwa hiyo hana kadi ya kazi, na siku hizi mtu asiye na kadi ya kazi hutembea akitazama nyuma, asije akakamatwa kama mzururaji. Nilimsimulia juu ya viumbe wa nyota ya mbali, akanichongea mmoja mwenye macho matatu. Akacheka, "Wazee wangu walikuwa wanawachonga hawa kabla roketi haijazaliwa. Wewe umewasoma wapi?" Mkewe, Asumini, ni mjamzito, na tumbo limekwisha kuwa kubwa.

Sasa sikiliza lililotokea. Jumapili alasiri tulikuwa barazani, kahawa inazunguka. Mzee Pazi, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alikuwa anakana kwamba binadamu wamewahi kutua mwezini.

"Wametua wapi? Mbona mwezi haujayumba?"

"Mzee, mwezi si mtumbwi," Selemani akamjibu.

"Nyie watu wa kusini mnajua nini kuhusu mtumbwi?" Watu wakacheka. Kisha Bi Mwanaisha akanigeukia. "Karani, wewe unayesomasoma, hebu tupe lolote."

Nikawapa. Niliwasimulia jiji lililojaa mpaka watu wanalala wima. Wakubwa wa jiji wakaunda chombo kikubwa kuliko soko, cha kupaa hadi nyota nyekundu, ambako ardhi ni tele na hakuna wa kuilima. Alfajiri moja malori yanapita mtaa kwa mtaa. Asiye na kadi ya kazi anapandishwa. Anaambiwa asibebe kitu, kila kitu kipo huko. Anafika, hakuna kitu.

Dada, nilisimulia vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Mshona viatu wa chumba cha mbele aliuliza taratibu, "Malori rangi gani?" Nami kwa kunogewa, nikiwaza vumbi la mwezini, nikasema, "Ya kijivu."

Kosa langu ni hili. Sikusema paukwa. Wao hawakupata nafasi ya kuitika pakawa. Mimi na wewe hatukuwahi kuzifungua hadithi za kesho kwa paukwa, kwa sababu ulisema ile ni ya mambo yaliyokwisha, na haya hayajawa. Lakini hapa mtu mzima akianza kuzungumza barazani bila paukwa, anatoa habari. Na mimi ni karani wa ofisi inayoshughulikia vijiji vipya, vile wanakohamishiwa watu. Walipotawanyika walishakubaliana kwamba karani amekula kiapo, hawezi kusema wazi, ndiyo maana ametaja nyota. Wamezaliwa na mafumbo hawa, hawakuona taabu kulifumbua langu.

Jumatatu asubuhi mshona viatu alikuwa anauza kitanda chake. Nilicheka, nikadhani ananunua kingine. Nikamwona Asumini amesimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, umemwambia nini mume wangu?"

"Mie? Kwani yuko wapi?"

"Kapanda basi la kusini. Kaniambia, 'Kasian ni ndugu yangu, kanitahadharisha kwa namna aliyoweza.' Kasema yeye asiye na kadi ndiye anayetafutwa, mie wakinikuta peke yangu hawatanigusa, atanitumia mtu." Akanitazama usoni. "Shemeji, ni kweli?"

Nikamwambia ni hadithi tu. Akauliza, "Sasa mbona hukusema?"

Jana Mzee Pazi aliniita kwake. Hakunikaribisha kiti.

"Nani kakutuma kutisha watu?"

"Hakuna, mzee. Niliitunga."

"Umetunga! Haina paukwa, haina sungura, haina mfalme. Hadithi gani hiyo?"

"Ni ya mambo yajayo, mzee."

"Mwenye kujua yajayo ni Mungu na Serikali. Wewe ni yupi kati yao?"

Amesema Jumamosi alasiri watu wa nyumba zake zote watakutana, nami nisimame niseme kwamba ni uongo na kwamba hakuna atakayeguswa. Nikikataa atanipeleka kwenye tawi la Chama kama mzushi, na mzushi hawezi kubaki karani wa Serikali. Mama anautegemea mshahara huu, wewe unajua.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, nakusihi: barua ikifika tu, nenda kwa mzee Nangonga ukamtafute Selemani. Mwambie hakuna malori. Ni ile michezo yetu ya utotoni. Mwambie arudi kwa mkewe.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana.

Dada, usimwambie hivyo.

Barua niliipeleka ofisini asubuhi nikitafuta bahasha, na kabla sijaipata Ndugu Katibu akaniita. Alifunga mlango mwenyewe. Nilijua habari za baraza zimemfikia, nikajiandaa kwa ukali. Hakuwa mkali. Alinionyesha kiti, akasugua miwani yake kwa ncha ya shati.

"Kasian," akasema, "nani alikuambia ni ya kijivu?"

"Nini, Ndugu?"

"Malori."

Nikasema niliitunga, mimi husoma vitabu vya roketi, nilikuwa nawaza vumbi la mwezini. Nikaeleza na ukubwa wa chombo, na nyota, nikisikia maneno yangu yanavyozidi kuwa ya kipumbavu. Hakunicheka, dada. Hakuniuliza chombo ni nini wala nyota ni ipi. Akauliza tena, kwa upole uleule, kama nimewahi kuketi karibu na meza ya fulani, au kuingia chumba fulani. Mwisho akasema, "Jumamosi kaseme hakuna kitu. Sema vizuri, kama ulivyosema ile siku. Watu watulie majumbani mwao."

Watu watulie majumbani mwao. Nimerudi mezani kwangu, nimeifungua tena barua hii.

Maisha yangu yote nimetamani siku moja hadithi ya kesho igeuke kweli mbele ya macho yangu. Nilidhani itakuja kwa mwanga angani. Nilidhani nitafurahi. Sasa nikiyasikia magari barabarani nainuka kwenda dirishani kutazama rangi yake. Labda najitisha. Labda mkubwa wangu anatafuta tu mtu anayetoa siri, na siri yenyewe ni jambo jingine kabisa, malori ya saruji au ya mbegu. Nimejaribu kuliamini hilo tangu asubuhi. Wewe ungekuwa hapa ungenifanyia hesabu ukaniambia. Mimi siwezi. Ninachojua ni kwamba nikisema vizuri Jumamosi, mshona viatu atakinunua tena kitanda chake, na wote wasio na kadi watalala majumbani mwao, kwa sababu karani kasema.

Alhamisi, jioni.

Barua hii sikuipeleka posta. Anayekukabidhi ni Asumini, mke wa Selemani. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja mlangoni kwake, nikamwambia kuna meli ya Mtwara kesho, basi litamtikisa mno. Sikumweleza sababu. Alinitazama, akasema, "Jumatatu ulisema ni hadithi." Nikasema ndiyo, na niliitunga. Akaanza kukunja kanga zake bila kuniuliza tena. Bi Mwanaisha alituona ukumbini, akaguna, kisha akaenda jikoni kumfungia mikate ya njiani.

Mpokee, dada. Amechoka kuliko atakavyokiri. Mfikishe kwa mumewe, kisha mwambie Selemani abaki huko, achonge milango na baba yake, asirudi mpaka nimwandikie mimi mwenyewe. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu mwanawe anakula na anasali. Nisalimie baba mdogo, fundi baiskeli, na shangazi wa kisimani, na mwalimu mkuu wako aliyeniandikia barua ya kuombea kazi hii. Yeye hasa umwambie namshukuru, hata ikitokea kwamba kazi yenyewe haipo tena.

Jumamosi nitasimama mbele yao. Nitasema niliitunga kwa kichwa changu, maana hilo ni kweli na sina haja ya kuliogopa. Mzee Pazi atataka nimalizie, kwamba haiwezi kutokea. Unajua nilivyo mwoga, ulikuwa unanishika mkono hata kupita makaburini mchana. Nimejaribu kulitamka neno hilo hapa chumbani peke yangu, mlango umefungwa, na halikutoka. Sidhani kama litatoka mbele ya watu.

Niombee.

Mdogo wako akupendaye,
Kasian