Prosesa Thelathini na Saba, na Wafula

Jumatano. Mvua imeanza saa nane na mabati ya hapa mtaani Rhonda hayajanyamaza. Nimekasirika, na sijui tena hasira hii ni ya nani.

Niandike kwa mpangilio.

Nina programu inayoifanya laptop ijifanye mashine nyingine. Mwanafunzi anachagua prosesa, yaani ubongo wa mashine, laptop inaamka kama bodi ya kuendesha vali, ya aina wanayotumia mafundi wa mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria. Anajifunza bila kuunguza bodi ya kweli. Shida ilikuwa moja: ukichagua prosesa ambayo bodi haiikubali, programu inanyamaza tu. Skrini nyeusi. Kwa hiyo nimeongeza mistari arobaini na moja ya msimbo: ikague kwanza, ikatae, halafu imwambie mtu achague nini.

Kesho saa nne Madam Chebet, mkuu wa idara ya umeme katika chuo kimoja hapa mjini, anakuja kuijaribu kwa mikono yake. Akiridhika, wanafunzi wake wataitumia na mwalimu nitakuwa mimi. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, nikajifunza haya yote kwa simu iliyopasuka kioo.

Mchana nilimwomba Wafula aijaribu kwa sababu hajawahi kuiona. Wafula ni fundi simu, tunagawana chumba cha kazi na meza. Mwaka jana naye aliomba kufundisha kwa Madam Chebet, akanyimwa. Hilo sijalisahau. Nilitoka kununua chai, nikarudi baada ya dakika kumi na nane.

"Boss, hii kitu yako imenikataa mara kumi na mbili."

"Umeguza nini?"

"Niguze nini sasa? Imesema chagua hapa, nikachagua. Imenikataa kama mama mkwe!"

Sikucheka. Nilimwambia anataka niaibike kesho ili nafasi iende kwake. Mathe, yule mama anayetuuzia mandazi, alikuwa mlangoni, akasikia kila neno.

"Haya, mkubwa," Wafula akasema. Alikusanya bisibisi zake, akatoka kwenye mvua bila koti.

Ndipo nikakagua. Hakuna faili lililobadilishwa tangu asubuhi. Ukiondoa la kwanza alilobahatisha, majina kumi na moja aliyoandika yote yametoka kwenye ujumbe wangu, kuanzia la juu kushuka chini, bila kuruka hata moja.

Ujumbe wangu ulikuwa umeorodhesha prosesa thelathini na saba. Bodi inakubali tatu.

Nilikuwa nimechapisha kila prosesa ambayo programu inaijua, badala ya zile ambazo bodi hii inazikubali. Sikuona kwa sababu mimi huandika ileile ninayoijua kwa kichwa. Ya kwanza inayokubalika iko nambari kumi na tisa. Wafula alikuwa amebakisha kukataliwa mara saba tu. Mwanafunzi angeacha kwenye ya tatu. Madam Chebet, labda ya pili.

Nimerekebisha mistari miwili. Sasa inasema: "Bodi hii haikubali prosesa uliyochagua. Chagua moja kati ya hizi tatu." Nimeijaribu kwa majina yote thelathini na manne mabaya.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi rahisi.

Kuna mtu aliwahi kuweka jina lake kwenye kazi yangu, na tangu siku hiyo nahesabu kila anayekaribia meza yangu. Ninajua nimekosea leo. Lakini hata sasa, na ushahidi huu wote mbele yangu, kuna pembe moja ya moyo inauliza: mbona hakuruka hata moja?

Kwa sababu aliniamini, mjinga mimi. Aliamini nilichoandika.

Nimempigia mara mbili, hashiki. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake kuomba msamaha. Akikubali, nitamwomba aijaribu tena kabla ya saa nne, maana macho yangu yameshazoea. Nitamwachia laptop ikiwa wazi na nitoke nje mpaka aniite.

Nitaweza kukaa huko nje bila kuchungulia?