Mwani Nyuma ya Pazia

Makongeni, Thika
9 Machi 2025

Mwanangu Nekesa,

Habari ya Mwihoko? Na kile kifua chako, kimekuachilia? Mimi niko mzima isipokuwa masikio, ambayo mashine za kiwandani zilibaki nayo nilipostaafu. Ndiyo maana nampa Emmah, muuza mayai, hii barua akuletee. Kwenye simu huwa nasikia tu mtu akikoroma.

Sasa, habari za lile tangi la samaki wa maji ya chumvi la mume wako. Tangu uhame Gitothua na kuniachia, nimelitunza kama ulivyosema, lakini limeota nywele. Kila jiwe lina nywele za kijani, ndefu kuliko zangu, ingawa kunishinda hapo si kazi. Samaki wa bluu walielea wiki iliyopita, nikawazika kwenye sukumawiki. Amebaki yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Nakwangua kioo kwa kadi ya benki iliyopitwa na wakati, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo kadi hiyo imewahi kunifanyia. Nikikwangua asubuhi, jioni zimerudi.

Nifanye nini? Marvin akirudi kutoka Doha asikute supu ya mchicha.

Baba yako,
Tobias


Mwihoko, Ruiru
14 Machi

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepoa, sasa cherehani ndiyo inakohoa.

Hizo nywele ni mwani. Unakula mwanga na uchafu unaobaki majini. Taa iwake saa chache tu. Maji yakipungua, ongeza yale ya kunywa yaliyochujwa, si ya kisima, na usitie chumvi nyingine. Maji ndiyo yanayopaa, chumvi hubaki. Halafu niambie ukweli, Baba: huyo samaki anakula nini? Marvin alisema punje chache za chakula cha samaki, mara moja kwa siku, basi.

Ningekuja mwenyewe na brashi, ni kazi ya mchana mmoja. Lakini soketi yako ya umeme iko nyuma ya pazia linalogawa chumba chako, kwa hiyo tangi liko miguuni pa kitanda chako, na mimi ni mke wa mwanao. Kwetu ni mwiko mkaza mwana kuvuka pazia la baba mkwe na kuona kitanda chake. Mama yangu akisikia atatoka Bungoma kwa miguu kuja kunichapa.

Marvin hajapiga simu tangu Krismasi. Najua kazi ni nyingi. Siku anaondoka aliniambia, "Nikimkuta samaki wangu hai, nitajua nina nyumba." Tafadhali, huyo mmoja asife.

Mkaza mwana wako,
Nekesa


Makongeni, Thika
2 Aprili

Mwanangu,

Natumai cherehani imepata dawa. Mimi naumwa shingo, na sababu yake ni wewe.

Umeuliza samaki anakula nini. Anakula ninachokula mimi. Usikasirike kwanza. Mimi hula kitandani, na nikifunua sufuria tu, anakuja kwenye kioo kunitazama. Sikulelewa kula mbele ya mwenye njaa. Basi anapata ugali kidogo, omena, na Jumapili chapati. Nzioki wa chumba cha pili alipoona alicheka: "Mzee, huyu anakula vizuri kunishinda, na kodi halipi!"

Tangu barua yako ninakula nikiwa nimempa mgongo. Ndiyo hiyo shingo. Na chakula chenyewe hakina ladha. Nilikuwa nimezoea kula na mtu.

Chumvi pia nilitia. Nilionja maji nikayaona yamepooza.

Mwani haujali tabia yangu mpya. Umepanda kwenye kioo, sasa namwona samaki kama mtu aliye kwenye ukungu wa Limuru. Pampu imeanza kukwama.

Baba yako,
Tobias


Mwihoko, Ruiru
11 Aprili

Baba,

Pole na shingo. Usionje tena hayo maji, tafadhali.

Ng'oa mwani kwa mkono, kisha zima taa ufunike tangi na blanketi siku tatu. Pampu ioshe kwa siki. Na ule nje mlangoni, pamoja na Nzioki. Huyo angalau ukimpa ugali hachafui maji.

Nimejaribu nambari ya Doha kila siku. Haipatikani. Labda amebadilisha laini na hajapata nafasi ya kunitumia mpya.

Mkaza mwana wako,
Nekesa


Makongeni, Thika
25 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Nimekawia kuandika, na si Emmah aliyekawia.

Marvin alinipigia. Nilimpa Nzioki simu awe ananirudishia maneno sikioni, na kwa kuwa sikio langu linataka sauti, wapangaji wa ploti nzima walisikia. Mama mmoja alizima redio kabisa. Sitaitia sukari: ameoa mwanamke mwingine huko, na wana mtoto. Hatarudi kwako. Alisema nikuambie mimi, eti wewe utalia.

Nikamwambia Nzioki amuulize kuhusu samaki. Akajibu, "Samaki gani?"

Hilo Nzioki hakulipigia kelele. Nililisoma mdomoni mwake.

Blanketi lilisaidia wiki moja, kisha mwani ukarudi na jamaa zake. Samaki yuko juu sasa, anahema mdomo ukiwa nje ya maji. Nimefikiri nikapata njia. Nimelizungusha pazia kwenye kitanda peke yake, kama wodini. Tangi sasa liko upande wa wageni. Unaweza kuja na brashi yako na hutakuwa umevunja chochote. Mwana amepotea, lakini mkaza mwana ninaye. Njoo Jumamosi. Nitakaa nje.

Baba yako,
Tobias


Mwihoko, Ruiru
28 Mei

Mzee Tobias,

Salamu. Natumai hujambo.

Barua yako ilinikuta na mteja. Nilimaliza kupinda suruali yake. Akipiga tena, mwambie hivyo.

Nitakuja Jumamosi, ingawa samaki sidhani atafika. Akishaanza kuhemea juu, huwa hakai. Nikimkuta hai, kuna mtu huko Witeithie mwenye matangi, atamchukua. Nikimkuta ameelea, nitamwaga maji, nitasugua kioo, nawe utapata mahali pa kuweka meza ule kama watu.

Pazia lirudishe lilivyokuwa. Kulala ndani ya duara la kitambaa kutakuharibia hewa. Wala usitoke nje, mvua bado ipo. Kaa kitandani pako. Mwiko ulikuwa wa mkaza mwana. Nitaingia tu, kama anavyoingia fundi yeyote.

Nekesa