Usukani Mwepesi

Mama Syombua,

Maharagwe yako jikoni, yaongeze maji. Mbuzi nimemfunga nyuma ya nyumba.

Asubuhi nilipotaja mashindano ya pikipiki uliniuliza, "Mkono haujapona, unataka kuniacha mjane?" ukaenda kanisani bila hata kunywa chai. Ungengoja kidogo ungeona. Ule usukani wa chuma wa pikipiki ndio uliokuwa ukinichosha mkono, ni mzito mno. Kelele ulizosikia wiki yote ni mimi nikitengeneza mwingine wa alumini. Bomba nilipewa na fundi Hassan. Nililijaza mchanga ndipo nikalikunja, lisibonyee. Pa kushikia nimezungushia mpira wa tyubu ya gurudumu.

Ulipotoka niliufunga kwenye pikipiki, nikaenda mpaka Gatuanyaga na kurudi, mashimo na vumbi lote lile, na mkono haukuuma. Nililia njiani kama mtoto. Usimwambie Syombua.

Sasa naenda mashindanoni Ruiru. ~~Usinisubiri.~~ Hapana, njoo na Syombua kwa basi, msimame pale kona ya kwanza. Mkono ukiuma nitasimama hapo hapo mbele yako, na hii pikipiki utaiuza wewe mwenyewe.

Baba Syombua