Marashi ya Aneth Hayatengenezwi Tena

Olasiti, Arusha

Dada Naomi, shikamoo.

Mnaamkaje huko Iramba? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mvua imefika, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili upo. Kazi ipo, nabeba zege hapa Olasiti, nyumba za kupangisha. Simu ninayo, lakini haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Nikianza nitalia, na wewe utamtisha mama.

Dada, mke wangu Aneth amenifia mara ya pili.

Tulivyomzika kwao mlimani ulikuwepo. Nyie mlipoondoka, ikafika siku ya kugawa nguo zake. Msimamizi wa saiti akaninyima ruhusa, nikachelewa. Nafika jioni, nakuta nguo zote zimeanikwa juu ya mibuni, zinachuruzika maji. Magauni, vitenge, mpaka sweta. Mama mkwe kafua mwenyewe. Anasema nguo ya marehemu haigawiwi chafu, ni aibu kwa ukoo. Akaniambia, "Baba, nimemsafishia mwanangu vizuri." Nikamshukuru. Nikashika sweta nikanusa. Sabuni ya unga.

Unayakumbuka marashi yake, yale ya maua. Kichupa kifupi, kina picha ya maua ya njano. Alikuwa anajipaka Jumapili tu, nyuma ya masikio. Chumba kinanukia mpaka Jumatano. Mtoto hatukujaliwa. Hiyo harufu ndiyo ilikuwa imebaki.

Kichupa kilikuwa na matone chini. Nikafanya kama tunavyofanya sabuni ya maji ikikaribia kuisha. Nikatia maji, nikatikisa, ili yaongezeke. Yakawa meupe kama maziwa. Baadaye yakanuka kama maua yaliyooza kaburini. Nimemwaga.

Nikazunguka maduka. Sokoni, stendi, Kijenge. Binti wa duka la vipodozi akacheka, akaniita babu. Akasema hayo yalikuwa ya bibi zetu, kiwanda kiliacha kuyatengeneza zamani. Akanipa mengine, eti yanafanana. Yananukia pipi.

Halafu Jumapili moja, kanisani, nikayasikia. Mama mmoja mzee alikaa mbele yangu. Mahubiri sikuyasikia hata neno. Tulipotoka nikamfuata mpaka kwenye mnada wa sadaka, pale wanaponadi ndizi na mayai. Akageuka.

"We baba, mbona unaninusa kama beberu?"

Watu wakacheka mpaka mnadi akasimamisha mnada. Nikamweleza yule mama habari ya Aneth. Na yeye akanieleza yake. Kumbe chupa hana, iliisha miaka mingi iliyopita. Harufu imebaki kwenye kitenge chake tu. Anakifungia sandukuni, hakifui.

"Nikifa wake za wanangu watakifua," akasema.

Akaninyooshea ncha ya kitenge mbele za watu. Nikanusa. Aibu sikuona.

Nilidhani nitapata nafuu. Imekuwa mbaya zaidi. Nikirudi chumbani nasimama mlangoni kama mgeni. Kanisani sijarudi tena. Naogopa nitakuta yule mama amekivaa kitenge, naogopa nitakuta hajakivaa. Chakula kinapita tu. Wenzangu saiti wameacha kunitania, na hilo si zuri.

Sasa ombi langu. Aneth alipokuja kukuhudumia ulipojifungua, aliacha blauzi kwako, ya zambarau. Itafute. Inuse. Kama ina harufu yake, usiifue, usiianike, usiipige pasi. Ifunge kwenye nailoni, kaza fundo, mpe dereva wa basi. Nitaenda stendi mwenyewe.

Kama umeshaifua, sina kinyongo, dada. Hata mimi ningefua. Mpe binti yako avae. Ila usinipigie na usiniandikie. Isipofika nitajua.

Msalimie shemeji, mumeo, na shangazi anayekaa na mama. Mama mwambie nakula. Mengine usimwambie.

Mdogo wako,
Yona