Dhahabu ya Chini ya Kucha

Kasongo, 3 marsi 2023

Mudogo wangu Yakubu,

Salamu sana. Kifua kimepona huko mugodini Salamabila? Sisi tuko. Mama iko ndani, eda yake bado.

Shika moyo. Baba mudogo Swedi amechukua shamba la Baba kule Lusangi. Alingoja Mama aingie eda, mujane asiyeweza kutoka kusimama mbele ya chifu, ndipo akaliandikisha. Kaburi la kaka yake halijakauka! Ati kuna mawe meupe, ati dhahabu. Mama sijamuambia, atakufa. Na sasa, bila haya, anakutaka wewe ukamupimie udongo. Nenda. Nataka alie kama mimi nilivyolia.

Dada yako, Djamila

Lusangi, 9 aprili

Dada,

Kifua kimepona, asante. Mama anakula vizuri?

Nimepima. Shamba lile ni la muhogo tu. Dhahabu haioti popote kama uyoga. Zamani sana maji ya moto yalipanda toka chini kupitia nyufa za mwamba. Yalipopoa yakaacha jiwe jeupe, na ndani yake dhahabu. Lakini jiwe lenye mali huwa na kutu na vitobo. Letu ni jeupe tupu: maji yaliyopita pale hayakubeba kitu.

Basi nikaficha unga wa dhahabu chini ya kucha. Nikaosha udongo kwenye karai, Swedi ameniinamia begani. Unga ule ukatoka, ukang'aa! Muzee muzima akanikumbatia, analia. Nikamuambia: "Iko mingi, chimba tu." Acha achimbe mpaka auze suruali.

Mudogo wako, Yakubu

Kasongo, 28 mai

Yakubu wee!

Uzima upo? Mimi nimenona kwa furaha. Swedi ameuza duka! Pikipiki imefuata. Kila nikipita kwake namusalimia vizuri: "Baba mudogo, kazi inaendaje?" Mukuki kwa nguruwe, bwana! Usimuonee huruma.

Dada yako, Djamila

Kasongo, 2 agosti

Yakubu,

Salamu. Afya yako siijui, hujajibu.

Eda ilipoisha, Swedi alikuja kupiga magoti mbele ya Mama. Akasema shetani alimudanganya, dhahabu ni nyingi, wagawane nusu kwa nusu. Mama akamusamehe. Nilikuwa jikoni nasonga bugali, nikasikia yote, nikanyamaza. Nilidhani shamba linarudi bure.

Kumbe walitaka pampu na wachimbaji. Juma lililopita, mimi niko Nyangwe kununua samaki, Mama akauza nyumba. Nyumba ya Baba, Yakubu, tuliyozaliwa! Sasa analala Lusangi chini ya turubai, anapikia wachimbaji. Nilimufuata nimuambie ukweli. Akanipokea anacheka, miguu imejaa tope, akaniambia nikuandikie uje uone kazi yake. Nikamusaidia kuosha sufuria, nikarudi.

Njoo umuambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Djamila