Gologolo Inakula Vikombe Vingapi?

Madam Nekesa,

Leo nimefagia punje za mahindi chini ya dirisha la chekechea, pale kwenye kona yako ya kupimia kwa vikombe, nikaona heri nikuandikie. Muhula mzima umepita tangu tukuzike kwenu Bungoma. Watoto waliponiuliza uko wapi niliwaambia umekufa, bila kuzungusha maneno, vile ungetaka. Kisha Cherop, yule mdogo mwenye pengo la meno mawili, akauliza sasa nani atamimina mahindi.

Nikamimina mimi. Lakini nusura kona iondolewe, Madam. Kwenye mkutano wa wazazi hapa Kiminini, mamake Cherop alisimama akakipunga kitabu cha binti yake, kitupu. "Ati kila siku ni kumwaga mahindi na kupanga vifuniko vya soda? Si hata kuku wangu wanajua hiyo! Sisi tunataka hesabu kwa kitabu, bana." Wakampigia makofi. Mwalimu mkuu akanipa wiki mbili: kona ionekane faida yake, au vikombe virudi jikoni. Wewe ungewajibu papo hapo huku ukicheka. Mimi ulimi ulinikauka.

Na ulimi huohuo haukukauka siku ile nilipokusahihisha mbele ya watoto. Ulikuwa umepiga magoti na kopo letu la kupimia, unawauliza, "Gologolo inakura vikombe vingapi?" Nikadakia kutoka nyuma, "Ni gorogoro, Madam. Na inakula, haipigi kura!" Darasa zima likacheka. Ukacheka nao, ukasema, "Mdomo ni ya Bungoma, mwarimu, rakini mahindi ni yare yare." Ukaendelea kumimina, nao wakahesabu hadi tisa. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini. Nilijua nimekukosea, nikajiambia nitakuomba msamaha shule zikifunguliwa. Zikafunguliwa, wewe hukuwepo. Hilo linaniuma mpaka leo, sitakuficha.

Wiki ya pili ikielekea kuisha, mamake Cherop akaingia asubuhi na gorogoro mkononi. Nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa amenunua mahindi sokoni, na Cherop alipofika nyumbani akachukua kikombe cha plastiki kama vyetu, akayapima chini kwenye gunia. Akamwambia, "Mama, gologolo ya yule mtu imekula nane tu. Ya Madam inakula tisa. Yake inashiba haraka." Mama akampuuza. Mtoto akalia mpaka wakarudi sokoni. Walipoligeuza kopo la yule muuzaji wakakuta chini limegongwa, limeingia ndani kama kitovu.

"Mwalimu, nimenunua kwa huyo mtu tangu nizae huyu," aliniambia, "na sijawahi kugeuza hiyo kopo. Sasa hii yangu ya nyumbani, hebu watoto waipime." Wakaipima, Madam, wote wakiwa wamepiga magoti. Ilikula tisa. Akatoka moja kwa moja hadi kwa mwalimu mkuu, na sauti yake tuliisikia darasani: hiyo kona isiguswe na mtu. Niliketi kwenye kile kiti chako kifupi nikalia kidogo, watoto wakinitazama.

Kitabu cha Cherop nacho kina maandishi sasa. Amechora kopo, na vikombe tisa kando yake. Cha tatu ni kikubwa kuliko kopo lenyewe, lakini vyote viko.

Darasa zima bado linasema gologolo. Sijamsahihisha hata mmoja. Jana alikuja mtoto mgeni kutoka Kitale, akanishika sketi akauliza ile kopo inaitwaje. Nilimjibu kabla sijafikiri, kwa mdomo wako kabisa.

Nisamehe, Madam. Nimechelewa kulisema, lakini nimelisema. Kona itakaa maadamu niko hapa, na mahindi nitayabadilisha kabla hayajaingiwa na wadudu, vile ulivyonionyesha. Mtoto yeyote atakayepita mkononi mwangu atajua kugeuza kopo aone chini.

Rara sarama, mwarimu wangu.

Wambui