Tangazo la Zlatina Mlangoni kwa Metodi

9 Novemba

Velika mdogo wangu,

U mzima? Presha yako je? Mimi mzima, magoti tu na hasira. Simu zako sipokei, ukianza kulia huko Pleven sisikii kitu. Nimemketisha Tsonka wa posta hapa jikoni, nasema, anaandika.

Basi amelibandua tena, huyo mwanao. Tangazo la arobaini la binti yangu Zlatina, lenye ile picha ya kitambaa cha buluu! Asubuhi nalibandika mlangoni pa zahanati yake, mchana halipo. Kesho yake nabandika jingine, halipo. Metodi huyu huyu niliyemwogesha kwenye beseni! Nimechapisha sitini, Velika. Wengine wanabandika ya marehemu wao kwenye geti na kituo cha basi, wanaweka maneno ya malaika. Mimi nimeandika: "Zlatina, miaka arobaini na minne. Alibanwa bega na kifua. Daktari Metodi akasema ni viungo." Basi.

Gundi napika mwenyewe, unga wa ngano na chumvi kidogo. Tsonka ananiuliza chumvi ya nini. Sijui, mama alikuwa anatia. Ile ya dukani mvua ikinyesha inaachia, yangu mpaka uikwangue kwa kisu. Nasimama kwenye duka la mkate namwangalia anavyokwangua na koti lake jeupe, wagonjwa kwenye foleni wanasoma kabla hajamaliza. Wengine wanageuka wanapanda basi la mjini. Siku hizo nakula nikashiba.

Aliyenifumbua macho ni yule daktari wa viungo wa mjini, mama mmoja mnene. Nilikwenda kuchukua karatasi za marehemu. Akaniambia, "Bibi, ule moto unaovimbisha vidole hauishii kwenye vidole. Unachoma na mishipa ya moyo, kwa ndani, inaziba mapema kuliko ya watu wengine. Mwenye ugonjwa ule anapimwa mafuta ya damu na presha kila mwaka, hata awe kijana, hata asivute sigara." Miaka kumi na tatu Zlatina ameumwa viungo, Velika. Metodi alimpima nini? Alimpa dawa ya kuchua!

Ralitsa wa Zlatina hajambo, amehamia kwangu, anashona kwenye cherehani ya marehemu mama yake. Asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka aloweke vidole kwenye maji ya moto. Baridi.

Mwambie mwanao kuna matangazo ya miezi mitatu, kuna ya nusu mwaka, kuna ya mwaka. Abandue, mimi nabandika. Mpaka afunge ile zahanati ahame.

Dada yako,
Stamena


21 Novemba

Dada Stamena,

Shikamoo. Mimi naendelea, presha inapanda na kushuka. Tsonka, nakuomba msomee yote, usiruke.

Metodi alikosa. Sikatai, na yeye hakatai. Alisoma mambo ya mishipa hiyo, alijua, ilimpasa kuinuka mezani. Tangu siku ile anakula kama mgonjwa. Lakini mimi nilikuwapo, Dada. Jumapili ile ya msiba nilikuwa nimekuja kwake, supu iko mezani, na simu yake huwa anaiweka ya sauti kubwa. Nilikusikia. Ulisema, "Metodi, Zlatina viungo vyake vimeamka tena, safari hii bega na taya. Nimemfunga jani la kabichi na pombe ya rakia. Mwandikie ile dawa ya maumivu, kesho nitaifuata." Akakuuliza, "Mama mkubwa, nije nimwone?" Ukamjibu, "Uje kufanya nini? Pilipili hoho ziko motoni, gunia tatu, nani atazimenya? Kula supu yako."

Akala supu yake. Hilo ndilo kosa lake.

Sikutaka kukwambia. Ningekaa nalo mpaka kaburini. Ila barua yako imenifanya niandike, na si kwa ajili ya Metodi. Umeandika mistari mingi juu ya gundi, na mmoja juu ya vidole vya Ralitsa. Baridi, Dada? Na Zlatina alianza vipi, si hivyo hivyo, asubuhi, na maji ya moto?

Mpeleke. Kwa Metodi au kwa shetani, lakini mpeleke.

Mdogo wako,
Velika


26 Machi

Velika mdogo wangu,

Hujambo? Presha yako je? Mimi nipo. Miezi minne sikukujibu, nilikuwa nimekukasirikia mpaka nikageuza ile picha yetu ya harusi yako ikatazama ukuta. Tsonka alipofika pale pa simu akataka kuikunja barua. Nikamwambia soma. Akasoma. Nikamwambia nenda nyumbani kwako.

Nilisema. Kila neno. Na lile la supu nilisema nikicheka, hukulitia hilo, lakini nilicheka. Zlatina amekaa pale kwenye kigoda, jasho linamtoka, anamenya kwa mkono mmoja, ananiambia, "Mama, pilipili hizi zina joto leo." Akamenya moja zaidi. Chupa za pilipili zile ziko stoo mpaka leo, hakuna anayezifungua.

Ya miezi mitatu sikubandika popote. Watu wakasema Stamena amesamehe. Wajinga.

Ralitsa alinisumbua, eti "Bibi, mimi nina miaka ishirini na mbili, moyo wa nini?" Nikamburuta kwa yule mama mnene. Ni ule ule ugonjwa, Velika. Na mafuta ya damu tayari yapo juu. Amepewa dawa, na leo anapimwa mishipa kule mjini.

Jana nikapika gundi. Nikaenda na ndoo yangu mpaka zahanati, foleni yote ikanipisha. Metodi akatoka, amekonda, nikajua atanizuia. Kulikuwa na upepo. Akashika pembe mbili za karatasi mimi nikapaka. Akasoma: "Zlatina. Miezi sita. Alibanwa bega na kifua. Mama yake akasema ni viungo, daktari akakubali. Mwenye ugonjwa wa viungo apimwe moyo." Akasema, "Mama mkubwa, toa hilo la mama." Nikamwambia, "Wewe shika karatasi." Ya pili nimebandika mlangoni kwangu, hata mimi kuikwangua siwezi, gundi ni ile ile.

Akasema atampeleka Ralitsa mwenyewe na gari lake. Nikabeba ndoo yangu nikaondoka. Usidhani nimemsamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe, yeye atangulie wapi? Hizi karatasi nimebakiza hamsini na kitu, za zamani, nitaandika nyuma yake, nitabandika kwa kila mtu mwenye vidole...

Huyo, anapiga honi. Ralitsa ananiita, Bibi, Bibi, tunachelewa. Ngoja nivae koti. Nitakaa kiti cha nyuma, nyuma yake kabisa, kila akiangalia kioo anione mimi. Mpaka mjini. Na kurudi.

Tsonka, mama, funga hivyo hivyo, natoka.

Dada yako,
Stamena